Masika ya Soda

18 Juni

Yule dada wa kituo cha watu wanaoacha pombe kaniambia hivi: "Mama, kama maneno yanakuwasha ulimi, yaandike, halafu funga daftari." Nikamwambia mimi shule niliishia darasa la sita, kutoka hapo nikapelekwa kiwandani kubandika soli za viatu, mwandiko wangu ni kama kuku kaparua. Akasema hakuna mwalimu atakayesahihisha. Basi naanza.

Habari yenyewe ni kwamba mume wangu, Pildu, ameacha pombe. Ini limeharibika. Daktari hakuzunguka: "Akinywa tena msirudi kwangu, nendeni kwa watu wa mazishi." Tulipotoka hospitali, tunasubiri basi, Pildu ambaye siku nyingine haongei hata na mbwa, akayasema yote kwa mpigo. "Mama Gayeong, nitaacha. Lakini mtu mmoja akijua, mmoja tu, narudi kwenye chupa siku hiyo hiyo. Sitaki watu wanitazame kama maiti inayotembea."

Mmoja tu. Anamwambia nani? Mimi, ambaye soko zima la hapa kisiwani Yeongdo wananiita redio. Hata binti yetu Gayeong huko Suwon sijamwambia.

19 Juni

Dada wa kituo anasema saa mbaya ni kuanzia alasiri mpaka chakula cha usiku. Hapo ndipo mikono yake inatafuta kitu cha kushika. Nisimwache nyumbani, nimtoe. Eti Busan yote hii haikosi mahali pa kwenda pasipo na pombe.

Huyu dada hajawahi kuolewa na fundi wa kuchomelea meli.

20 Juni

Nimefunga kibanda changu cha vitoweo saa nane mchana, tukaenda maktaba. Amesoma gazeti lote mpaka matangazo ya vifo. Mimi nimelala juu ya kitabu cha mapishi. Mlinzi kaniamsha, anasema nakoroma.

22 Juni

Leo mlima. Nikajua mlimani hakuna baa. Kupanda tumepanda vizuri, yeye mbele na mimi nyuma nikihema, nikamsimulia habari za yule muuza mwani aliyemtoroka mkewe akarudi na mbwa. Hakucheka, lakini alisikiliza, maana aliuliza mbwa wa aina gani.

Tunashuka, mvua ya kwanza ya masika ikaanza. Hapo ndipo nilipoona ujinga wangu. Sijui nani alituzoesha, lakini hapa kwetu tone moja likidondoka tu, kila mtu anataka chapati za vitunguu na bakuli la pombe ya mchele. Wanasema mlio wa mafuta kwenye kikaango ni mlio wa mvua. Na chini ya mlima kuna nini? Vibanda vya chapati, kimoja, kingine, kingine, mafuta yanalia chwaaa, wapanda mlima wote wamejazana humo na mabakuli yao. Nimempeleka mume wangu mwenyewe, kwa miguu, mpaka mlangoni.

Na ndani yupo Deokchun, mwenzake wa zamani kwenye kiwanda cha meli. "Pildu, uko hai? Ingia, kiti kinakusubiri."

Pildu kasimama kwenye mvua kama nguzo ya umeme. Macho yako kwenye bakuli.

Sasa mwanamume wa hapa akikataa pombe lazima awe na sababu, na sababu ziko mbili tu: umekufa, au unakunywa dawa za mizizi. Nikasema kwa sauti, "Shemeji, usimwalike, anakunywa dawa za mizizi. Mganga kakataza pombe."

"Dawa za nini?"

"Za mwili," nikasema, nikamvuta mkono.

Tukapanda basi. Nguo zangu zimelowa mpaka ndani. Nimechoka na wiki haijaisha.

24 Juni

Malnyeo anayeuza keki za samaki kibanda cha pili kaja mapema, anatabasamu mpaka magego.

"Shoga, nasikia Baba Gayeong yuko kwenye mizizi."

"Umesikia wapi?"

"Wewe unaniuliza mimi nimesikia wapi? Dawa za nini?"

Nikakosa jibu. Mimi nikakosa jibu. Nadhani nilikuwa mwekundu kama kimchi, kabichi yetu ya pilipili. Akanitazama, akatazama kibanda changu ninachokifunga saa nane kila siku, akajijibu mwenyewe.

"Ahaa. Ndiyo maana mnakimbilia nyumbani mchana. Na miaka yenu hiyo. Hongera, mwenzangu."

Mpaka saa sita muuza tofu ananiambia nimpe jina la mganga, kwa ajili ya mume wake.

25 Juni

Nimewahi kusema mambo mengi ya watu. Sikujua kumbe upande wa pili kunawasha hivi.

29 Juni

Tumemaliza maktaba, tumemaliza soko la samaki (harufu ya samaki wabichi inamkumbusha soju, pombe yake kali), tumemaliza kutazama meli. Leo nikampeleka kolatek. Ni ukumbi wa densi wa watu wazima, chini ya jengo, taa nyekundu na kijani, mchana kweupe. Pombe hawauzi, ni soda tu, na saa kumi na mbili wanafunga. Mimi nilikuwa sijawahi kuingia. Nilichokuwa nafanya ni kuwasema wanaoingia.

Nani namwona katikati ya ukumbi? Malnyeo. Amevaa viatu vya kung'aa, anazungushwa na mzee aliyestaafu posta. Miaka miwili nimewaambia watu kwamba Malnyeo anakwenda kolatek kuvua waume za watu. Leo nimemtazama saa nzima. Hakuvua mtu. Alicheza na yule mzee, akacheza na bibi mmoja mwenye fimbo, akakaa akafuta jasho, akanywa soda yake, na saa kumi na moja kabla ya mtu yeyote akabadilisha viatu akaondoka. Kwenda kumgeuza mama mkwe wake kitandani. Hilo nilikuwa najua. Sikuwahi kuliweka kwenye habari.

Pildu kasimama ukutani na chupa ya soda kama mtu anayesubiri basi. Mjane mmoja wa kitambo, lipstiki mpaka kwenye meno, akamwendea.

"Baba, miguu yako ni ya kukodi? Mbona huitumii?"

Akamtazama mjane. Akanitazama mimi. Nikamwambia nenda, mimi sina wivu, nina miguu iliyovimba. Akaenda. Jamani, Pildu anacheza kama anabeba jokofu. Lakini wimbo ulipoisha hakurudi ukutani.

Mimi nilikaa kwenye kiti na mkoba wake, nikawatazama. Nilitakiwa kufurahi. Nilichowaza ni kesho nitampeleka wapi.

1 Julai

Mvua.

2 Julai

Mvua. Kolatek.

5 Julai

Bafu la moto la umma. Tumevaa zile kaptula za rangi ya chungwa wanazompa kila mtu, tukalala chumba cha chumvi kama samaki wa kukausha. Nimemenya mayai ya kuoka, nimemnunulia togwa ya mchele yenye barafu. Yeye akawa anatazama dari.

"Mama Gayeong."

"Abee."

"Zamani saa hizi tulikuwa tunafanya nini?"

Nikafikiri. "Wewe ulikuwa unakunywa. Mimi nilikuwa nakusubiri nikuseme."

"Kila siku?"

"Jumapili ulianza asubuhi."

Akafumba macho, nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Sikujua siku ni ndefu hivi."

Nilitaka kumwambia mimi nilijua. Nikala yai.

8 Julai

Vile vibanda vya kuimba vya kutia sarafu, wanavyoingia watoto wa shule. Nimeimba mpaka sauti imekauka. Yeye amebonyeza vitufe. Watoto waliokuwa nje wanatuchungulia, mmoja anasema bibi anaua. Nimelala kwenye basi tukapitiliza vituo, tukarudi kwa miguu na mwavuli mmoja.

11 Julai

Leo roho imeniuma.

Kulikuwa na wateja, mtu na sherehe yake ya mama kutimiza miaka sabini anataka vitoweo vya watu wengi, nikachelewa. Narudi nyumbani saa kumi, Pildu hayupo. Simu iko mezani. Mvua inamwagika.

Nilianza na baa ya pale kwenye ngazi. Nikachungulia. Nikaenda ya jirani. Nikashuka mpaka mtaa wa gatini, kila mlango unanuka chapati za vitunguu, kila dirisha lina ukungu, nafuta ukungu kwa kiganja natazama ndani, wanaume wanatazama nje wanaona uso wangu. Mmoja akasema, "Mama, unamtafuta nani?" Nikasema natafuta mwavuli wangu. Mwavuli ulikuwa mkononi. Deokchun akatoka mlango mmojawapo, macho mekundu, akasema, "Shemeji, kakimbia? Dawa zimempa nguvu kuliko ulivyotaka?" Wakacheka ndani. Na mimi nikacheka, ndiyo kazi yangu, kucheka. Nikakata kona nikakaa kwenye ngazi zilizolowa.

Niliwaza jeneza. Niliwaza pia, na hili siwezi kumwambia hata dada wa kituo, kwamba angalau jeneza halihitaji kupelekwa popote alasiri.

Nilimkuta bustani ya wazee, chini ya paa la bati, amesimama nyuma ya watu wawili wanaocheza baduk, yale mawe meusi na meupe. Mkavu. Anakula karanga.

"Umetoka wapi umelowa hivyo?" ananiuliza.

"Mbona hukuacha hata neno?"

"Ulichelewa. Nikaona nisikae ndani na mvua ile. Nikaja hapa." Kisha akanielewa. Uso ukamkunjamana. "Ulikwenda kunitafuta kwenye baa."

"Nilipita tu."

"Umezipita zote?"

Wale wazee wawili wakaacha mawe yao wakatusikiliza. Nikamwambia mbele yao, "Pildu, mimi nimechoka. Nimechoka na maktaba, nimechoka na bafu, nimechoka kucheza densi kama msichana na kufunga biashara yangu mchana. Ulipokuwa unakwenda kule kwingine angalau nilikuwa nakaa chini."

Akasema, "Basi kaa chini." Akanivutia kiti cha plastiki.

Nikakaa. Nikatazama mawe. Sikuelewa hata moja. Giza likaingia tukarudi.

12 Julai

Mafua.

14 Julai

Baba Mdogo, mdogo wake marehemu baba mkwe, kapiga simu kutoka Geoje. Tambiko la mwaka la baba mkwe ni tarehe ishirini, hapa kwetu, maana Pildu ndiye mtoto mkubwa.

Nililijua linakuja. Nilijifanya silijui.

Naandika ili nilione vizuri. Marehemu anatiliwa pombe kwenye kikombe, tunainama, anatiliwa tena. Tukimaliza, mtoto mkubwa anapokea kile kikombe cha baba yake na kukinywa. Hiyo ndiyo baraka. Kukikataa ni kumrudishia baba yako mkono wake usoni, na hapo dawa za mizizi hazisaidii, kwa sababu kila mtu anajua pombe ya tambiko haiharibu dawa. Na Baba Mdogo ni mtu wa kumtazama mpaka tone la mwisho.

Nimemwambia Pildu, "Tuseme una homa."

"Mtoto mkubwa akiwa na homa analetwa kwa blanketi."

"Basi uguse midomo tu."

Akakusanya sahani. Baadaye, tunaosha vyombo, akasema bila kunitazama, "Mimi siyo mtu wa kugusa midomo tu. Unanijua."

17 Julai

Nimepata akili. Nitachuja togwa ya mchele mpaka iwe maji meupe, niiongezee maji, niitie kwenye birika la tambiko. Marehemu atanisamehe, alikuwa mpole kwangu. Pildu sijamwambia.

18 Julai

Mvua. Nimenunua samaki, peya za njano zenye maji, njugu, maboga. Miguu imevimba kama mito ya kulalia.

20 Julai

Siku hizi tambiko tunalifanya jioni mapema ili watu wavuke daraja kabla ya foleni. Saa kumi na moja Baba Mdogo akafika na binamu wawili wa Pildu na wake zao. Mimi nimeshapanga meza, samaki upande wa mashariki, mboga katikati, birika langu la uongo liko tayari.

Baba Mdogo akavua viatu, akafungua mfuko, akatoa chupa. "Hii nimeitengeneza mwenyewe kwa mchele wetu wa Geoje. Kaka yangu alikuwa anaipenda." Akachukua birika langu, akalimwaga kwenye sinki bila hata kulinusa, akalijaza yake. Nyumba nzima ikanuka.

Nilimwona Pildu anavyoisikia ile harufu. Pua yake ilifunguka kama ya farasi.

Tukainama. Pildu akatia pombe kwenye kikombe, mikono miwili, birika likagonga ukingo wa kikombe, ting. Tukainama tena. Tukatoka nje tukafunga mlango ili marehemu ale, kwenye korido binamu mmoja akanong'ona, "Kaka, habari za dawa zako zimefika mpaka Geoje. Sitini na tatu, unataka kuzaa tena?" Wake zao wakafunika midomo. Nikacheka kwanza kuliko wote.

Tukarudi. Baba Mdogo akakishusha kikombe cha baba mkwe mezani, akakiweka mikononi mwa Pildu.

"Haya mwanangu. Pokea baraka ya baba yako."

Mimi nilikuwa na uongo mwingi umejipanga mdomoni. Homa. Jino limeng'olewa. Anaendesha gari kesho. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Pildu akanitazama, akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayemzuia mtoto asivuke barabara. Nikafunga mdomo. Ni kazi kubwa kuliko zote nilizofanya masika haya.

Pildu kakikaza kikombe mkononi, pombe inamwagika kwenye vidole vyake.

"Kunywa basi," akasema binamu. "Miguu inakufa ganzi."

Pildu akasema, "Baba Mdogo, mimi ni mlevi."

"Sote tunakunywa."

"Hapana. Mimi ni mlevi. Ini limekwisha. Hakuna dawa za mizizi, mke wangu alinisitiri. Nikinywa hiki sitakomea hapa, najijua, na mwakani mtakuja kunitilia mimi kwenye meza hii hii."

Nikasikia mvua, nikasikia jokofu. Binamu akasema taratibu, "Kikombe cha baba yako mwenyewe," kwa sauti ya mtu anayetema mfupa.

Baba Mdogo alikuwa anatazama picha ya kaka yake. Mzee yule hana haraka. Mwisho akasema, "Pildu. Baba yako alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Moyo."

"Ndivyo tulivyokubaliana kusema." Akakitoa kikombe mikononi mwake, akafungua vidole kimoja kimoja, maana vilikuwa vimekamata, akamwaga pombe kwenye bakuli la masalio. "Alikuwa wa njano kama peya hii. Mama yenu akasema tuseme moyo, wadogo zako wapate wachumba."

Akachukua kisu akakata peya kipande kikubwa, akampa Pildu kwa mkono. "Chakula nacho ni baraka. Kula."

Pildu akala. Maji ya peya yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko, na siyo ya peya tu. Baba Mdogo akafunga kifuniko cha chupa yake akairudisha mfukoni. Binamu yule hakupendezwa hata kidogo. Aliondoka na mkewe bila kuchukua fungu lao la chakula, ananuna mpaka kwenye ngazi, na nadhani kwenye kaburi la baba mkwe mwaka huu hatutakwenda pamoja.

Nimeosha sahani zote peke yangu.

21 Julai

Pildu kanipigia simu kibandani. "Waambie tu," akasema. "Nimechoka na ile mizizi."

Nikaacha mteja anashika kimchi, nikaenda kwa Malnyeo. Habari ya masika yote, yangu peke yangu. Nikamwambia.

"Najua," akasema, anageuza keki zake kwenye mafuta.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu nilipoisikia ile habari ya mlimani. Marehemu mume wangu alikunywa dawa za mizizi miaka miwili, shoga. Za uongo kama zenu. Halafu akaziacha." Akafuta mikono. "Nikaona bora watu wacheke la kitandani. Wakiwa wanacheka lile, hili hawalifikirii."

"Umenifanya kichekesho cha soko zima."

"Ndiyo," akasema. "Kula keki, imepasuka siwezi kuiuza."

Nilikula. Ilikuwa ya moto sana, machozi yakanitoka, nikasema ni ya moto sana.

22 Julai

Mvua kidogo. Gayeong kaambiwa na baba yake mwenyewe kwa simu. Kisha nikasikia simu inahema tu.

25 Julai

Redio imesema masika yamekwisha. Joto limeingia mara moja, nyenje wanapiga kelele kwenye miti kama wamelipwa.

Nilifunga kibanda saa nane kama kawaida, nikafika nyumbani, nikakuta Pildu amevaa shati la mikono mifupi, amechana nywele kwa maji.

"Leo wapi?" akauliza.

Nikatafuta. Kweli nikatafuta kichwani, maktaba, bafu, mlima, meli, na kichwa hakikutoa kitu. "Leo sijui," nikamwambia. "Leo nenda mwenyewe."

Akasimama mlangoni. Nikajua anachowaza na yeye akajua ninachowaza. Njia ya kwenda kolatek inapita mtaa wa gatini, milango yote iko wazi kwa ajili ya joto.

"Ukiniacha niende," akasema, "usije kunitafuta."

"Miguu yenyewe iko wapi ya kukutafutia?"

Akavaa viatu. Nikasikia hatua zake kwenye ngazi, kisha sikusikia. Nikaweka mkeka sakafuni mbele ya feni, nilale kidogo tu, nikiwa macho. Miaka thelathini na nne nimeishi na huyu mtu na hajawahi kuingia mlango ule nisimsikie, hata akipapasa kitasa, hata akivua viatu nje asiniamshe. Sikio langu moja linabaki kwenye mlango hata nikiwa usingizini.

Nilipofungua macho ilikuwa magharibi. Wali umeiva jikoni, mvuke unatoka. Pildu amekaa kwenye kiti kando ya dirisha, soksi amevua, anakanda nyayo zake, na mimi nimefunikwa shuka.

"Umerudi saa ngapi?" nikamuuliza.

"Zamani," akasema. "Ulikuwa unakoroma."

Sikumsikia akiingia.